Barua ya mbunge wa Maine na hesabu za sanduku letu

Huu ni ukurasa wetu wa mwisho kwa mwaka huu wa 2020. Tulikuwa tumetayarisha mambo mengine: namna ya kuwashikisha watoto madaftari nyumbani, kwa kuwa shule zimefungwa tena tangu tarehe 18 ya mwezi huu. Hayo tutayaandika juma lijalo. Leo kuna barua moja ambayo imetusumbua, na tunataka tuisome pamoja.

Mama mmoja wa chama chetu ana binti anayekaa Portland, mji wa jimbo la Maine, kule Marekani. Alifika kule mwaka 2019, katika lile kundi la watu wa Kongo na Angola waliopita Amerika ya Kusini kwa basi na kwa miguu, wakavuka msitu na mito na watoto mgongoni. Mji wa Portland uliwalaza zaidi ya watu 400 katika jumba la michezo, juu ya vitanda vya kukunja, mpaka wakapatiwa nyumba. Wengi wenu mnakumbuka tulivyowaombea.

Sasa huyo binti amemtumia mama yake picha za karatasi aliyoikuta katika sanduku lake la posta. Mama akatuletea simu, akasema: “Mwalimu, wewe ulijifunza Kiingereza kule ISP, nisomee. Naogopa wanamfukuza mtoto wangu.” Tukaketi naye kwenye benchi nje ya nyumba, tukasoma. Haikuwa barua ya kumfukuza mtu. Ilikuwa barua ya mbunge wa jimbo, anaandikia watu wa eneo lake mwishoni mwa mwaka, anawaeleza alichofanya na alichoshindwa kufanya.

Mama alishangaa. Akauliza: “Lakini mtoto wangu hapigi kura kule. Hana hata karatasi za kudumu. Kwa nini mkubwa anamwandikia?” Jibu ni kwamba barua ilipelekwa katika nyumba za eneo lile, na ndani ya nyumba moja yumo binti yake. Anayekaa katika eneo la mbunge ni mtu wake, awe anapiga kura ama hapigi.

Kabla ya kuendelea, tueleze kidogo, maana wengi wanasikia “bunge la Marekani” na wanafikiri ni Washington peke yake. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake lenye kutunga sheria za jimbo: za shule, za barabara, za hospitali, za kodi ya jimbo. Ukiwahesabu wabunge wote wa majimbo hayo, mwaka 2020 walikuwa 7,383. Majimbo 49 yana mabaraza mawili. Nebraska peke yake ina moja. Maine ni jimbo dogo kwa watu, halifiki milioni moja na nusu. Baraza lake la wawakilishi lina viti 151, na la seneti lina viti 35. Ukigawanya, mwakilishi mmoja anabeba watu karibu 9,000 tu. Ni kama kartie moja ya mji wetu. Unaweza kumkuta dukani. Na wengi wao si matajiri wa siasa: ni wakulima, walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wenye kurudi kwenye kazi zao kikao kikiisha. Katika jimbo la jirani, New Hampshire, mbunge analipwa dola 100 kwa mwaka mzima. Ndiyo, mmesoma vizuri: mia moja, kwa mwaka.

Sasa barua. Inaanza kwa salamu na pole kwa waliopoteza watu. Halafu inasema jambo lililotugusa: kwamba bunge la Maine lilifunga kikao chake tarehe 17 mwezi wa 3, kwa haraka, kwa ajili ya koronavirusi, na halikukaa tena mpaka mwezi wa 12. Miezi karibu tisa bila kuketi! Miswada mingi iliyokuwa mezani ikabaki pale pale. Kwa sheria yao, wakubwa wa mabaraza wakitaka kuwaita wabunge warudi nje ya wakati, sharti wengi wa kila chama cha siasa wakubali. Kiangazi kile vyama havikukubaliana. Mbunge hakuficha hayo. Aliandika: haya tuliyatunga, haya hatukuyafikia, na sababu ni hii.

Kabla ya kuondoka ile tarehe 17, walipitisha mambo ya lazima. Sisi walimu tuliyasoma mara mbili. Walitenga fedha za kupambana na ugonjwa. Walimpa mkubwa wa elimu ruhusa ya kupunguza hesabu ya siku za shule ambazo sheria inadai. Walipanga watoto waendelee kupata chakula cha shule hata kama madarasa yamefungwa, na wafanyakazi wa shule wanaolipwa kwa saa wasikose mshahara. Hapo mama alinyamaza, akatutazama. Anajua sisi tulikaa miezi mingapi mwaka huu, tangu shule zilipofungwa mwezi wa 3 hadi zilipofunguka tarehe 12 mwezi wa 10. Anajua pia kuna wenzetu wa shule za msingi ambao tangu masomo kuwa bure mwezi wa 9 mwaka 2019 wanafundisha bila jina lao kuonekana kwenye listi ya malipo.

Barua inaendelea na fedha. Mwezi wa 3 bunge la Washington lilipitisha sheria kubwa ya msaada, na humo majimbo, miji na makabila ya wenyeji yalipewa dola bilioni 150. Maine ilipata bilioni 1 na milioni 250. Mbunge anaeleza fedha hizo zilikwenda wapi: vipimo, shule, biashara ndogo, waliokosa kazi. Kisha anaeleza kazi aliyoifanya yeye mwenyewe katika miezi ambayo bunge halikukaa: kupokea simu. Mwezi wa 4 hesabu ya wasio na kazi katika Marekani yote ilipita 14 kwa mia. Watu wakajaza ofisi za msaada, mashini zikalemewa, simu hazikupokelewa. Basi watu wakampigia mbunge wao. Katika majimbo mengi wabunge waligeuka kuwa kama makarani: kuandika jina la mtu, kumfuatia dosie yake ofisini, kumrudishia jibu. Mwisho wa barua kuna namba za simu: hii ya waliokosa kazi, hii ya wanaoshindwa kulipa nyumba, hii ya chakula, hii ya mtu anayepigwa nyumbani. Na namba ya mbunge mwenyewe.

Msifikiri, wamama, kwamba tunawaonyesha pepo. Kule nako kuna machozi. Huyo binti anajua: katika Maine watu weusi ni kiasi cha mmoja na nusu kwa kila mia, lakini wakati wa kiangazi walikuwa kiasi cha mmoja kwa kila watano katika wagonjwa wa korona. Sababu zinajulikana. Ndio wanaoosha wazee katika nyumba za wazee, ndio wanaosimama bega kwa bega viwandani, ndio wanaokaa watu wengi katika nyumba ndogo. Wengi wao ni ndugu zetu. Na wabunge wenyewe hawakupona: kule New Hampshire, penye wawakilishi 400, walikuwa wanakutana katika uwanja wa mchezo wa barafu ili wakae mbalimbali. Tarehe 2 ya mwezi huu walikutana nje kabisa, katika baridi, wakamchagua spika wao, Dick Hinch. Juma moja baadaye, tarehe 9, akafa kwa korona. Kwa hiyo barua hizi za mwisho wa mwaka haziandikwi na watu walioketi mahali salama. Zimeandikwa na watu walioogopa kama sisi.

Na msifikiri kwamba kila mbunge anaandika kwa moyo mweupe. Wengine wanaweka picha yao kubwa, wanahesabu mazuri peke yake, wanatafuta kura kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana majimbo mengi yana kanuni: karatasi na timbri zinazolipwa na serikali zisitumike kuomba kura. Na msomaji wa kule anajua kipimo chake. Kule Maine mwakilishi anachaguliwa kwa miaka miwili tu. Aliyechaguliwa mwaka 2018 alirudi mbele ya watu mwezi wa 11 mwaka huu. Barua nzuri haikumwokoa aliyelala.

Miaka miwili. Hapo ndipo tulipoanza kuhesabu kwa vidole. Sisi tulisimama mstari tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, mbele ya ile mashini ya kupiga kura, kuchagua raisi, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo siku moja. Juma hili inatimia miaka miwili kamili. Muda uleule ambao mbunge wa Maine ameapa, ametunga sheria, amefungiwa na ugonjwa, ameandika barua na amehukumiwa kwa kura, sisi wabunge wetu wa jimbo wamebakiza miaka mitatu, na chama chetu hakijapokea hata mstari mmoja kutoka kwa yule tuliyemchagua katika eneo letu. Jina lake hatulitaji hapa. Hatukuandika ukurasa huu kumchafua mtu, na pengine ana mambo mazuri ya kutueleza. Lakini hajaeleza, na sisi hatujauliza.

Jumamosi iliyopita jambo hili lilijadiliwa katika mkutano wetu, na mliokuwepo mnajua namna kulivyochemka. Mmoja alisema tumwandikie depite barua, kwa heshima, tumuombe hesabu ya mwaka. Mwingine akasema: “Atasema tumetumwa na mpinzani wake, na watoto wetu watateseka.” Mama anayeuza ndizi akasema kwa uchungu: “Mpaka wa Ruzizi ulipofungwa mwezi wa 3, mimi nilikuwa navuka kila asubuhi na kapu langu. Nilikula mtaji wote na watoto. Hakuna mtu aliyekuja kuniuliza nimekula nini. Sasa mnaogopa nini tena kinachoweza kutupata?” Watu wakanyamaza.

Ndipo mama mzee wetu, yule tunayemwita Koko, akainua mkono. Akasema: “Wanangu, barua iandikwe. Lakini mimi nina swali kwanza. Mwezi wa 4 nilitoa franka 2,000 za ndoo na sabuni. Nani amenisomea hesabu?”

Wamama, tulisikia joto masikioni. Kwa maana aliyekusanya zile franka ni sisi wenyewe tunaoandika ukurasa huu. Tulikabidhiwa kwa sababu ni mwalimu, anajua kuandika. Na kwa miezi minane hatukusoma hesabu mbele ya mtu. Hatukuiba. Lakini mtu aliyetoa franka zake katika siku za njaa atajuaje kwamba hatukuiba, kama hatukusema? Tulikuwa tunajiandaa kumnyooshea depite kidole huku daftari letu limefungwa.

Basi hesabu ni hii, iandikwe katika gazeti, kila mtu aione.

Wanachama waliotoa ni 57, kila mmoja franka 2,000. Jumla franka 114,000. Tulinunua ndoo 6 zenye robine, kila moja franka 12,000. Hiyo ni 72,000. Tulinunua vipande 24 vya sabuni kwa franka 700. Hiyo ni 16,800. Kitambaa cha kushona barakoa, wengine wanasema kashene, franka 15,000. Usafiri wa kubeba ndoo, franka 4,000. Jumla iliyotoka ni 107,800. Zikabaki franka 6,200.

Hizo 6,200 tulimpa mama mmoja wa chama aliyekuwa na mtoto mwenye homa usiku, akanunue dawa. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini hatukumuuliza mwenyekiti, hatukumwambia mtunza sanduku, na hatukuandika mahali popote. Hilo ni kosa letu. Huruma si ruhusa ya kutumia kitu cha watu bila kuwaambia.

Ndoo: kati ya 6, ziko 4. Moja ilipasuka. Moja tuliiweka mbele ya darasa letu shule zilipofunguliwa, na siku ya tatu haikuonekana tena. Nayo pia tulipaswa kusema siku ileile. Tutairudisha kwa mshahara wetu, ukifika. Sabuni zilikwisha. Barakoa zilishonwa 41, na listi ya waliopewa iko kwa mtunza sanduku. Anayetaka aende aisome.

Ona sasa, tulipomaliza kuandika mistari hii michache, tulielewa kitu kuhusu ile barua ya Maine. Kuandika “haya nimefanya” ni rahisi. Kuandika “haya sikufanya, na hii imepotea mikononi mwangu” ndiyo kazi. Darasani tunawaambia watoto waonyeshe hesabu yote ubaoni, si jibu peke yake, ili kosa likiwapo lionekane lilipoingia. Kwa mkubwa ni vilevile, na kwa mwalimu, na kwa chama.

Sasa tukiwa tumefungua daftari letu, tunaweza kumwomba mwingine afungue lake. Lakini tuombe kwa akili. Usimuulize mbunge wa jimbo mambo ya Kinshasa. Jeshi si lake, benki kuu si yake. Katiba yetu inapanga kazi. Kifungu cha 197 kinaeleza kazi ya mbunge wa jimbo. Bunge lake linatunga sheria za jimbo zinazoitwa edi, na linachunguza serikali ya gavana. Kifungu cha 204 kinaorodhesha mambo ambayo ni ya jimbo lenyewe, na humo ndani, wamama wa Ruzizi mwinue kichwa, kuna biashara ndogo ndogo ya mpakani. Imeandikwa. Si zawadi ya mtu. Kuna pia elimu ya chekechea, ya msingi na ya sekondari, kwa kufuata kanuni za taifa, na kodi za jimbo.

Kwa hiyo barua tuliyoitayarisha ina maswali manne tu, kwa maneno ya adabu, bila matusi wala kushangilia chama chochote:

La kwanza: Tangu ugonjwa kuingia mwezi wa 3, bunge la jimbo lilikaa mara ngapi, na wewe ulikuwepo mara ngapi?

La pili: Kuhusu wamama wanaovuka mpaka, uliomba nini kwa gavana, na ulijibiwa nini?

La tatu: Katika bajeti ya jimbo ya mwaka 2021, shule za eneo letu zimewekewa nini, hasa maji ya kunawa na vyoo?

La nne: Mtu wa eneo lako akiwa na shida, apige namba gani, na nani atapokea?

Hilo la nne lililetwa na mama wa ndizi, na sisi tunaona ndilo kubwa kuliko yote. Maana binti wa Portland, mgeni asiye na kura, ana namba ya simu ya mbunge wake kwenye ukuta wa jiko. Sisi tuliopiga kura hatuna.

Kwa yule aliyesema anaogopa, hatumcheki. Woga wake una historia katika mji huu. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: hakuna atakayelazimishwa kuweka saini. Barua itatoka kwa jina la chama, si la mtu mmoja. Itabebwa na wamama watatu waliojitolea wenyewe, mchana, na itaachwa ofisini mbele ya karani, nakala moja irudi ikiwa na muhuri. Nakala nyingine itapelekwa kwa chefu wa kartie ili asiseme hakujua. Na kama depite ataitika na kutaka kuja kutueleza, tutampokea kwa heshima, kwa kiti na maji ya kunywa, wala si kwa nyimbo. Akituletea vikwembe badala ya majibu, tutamshukuru na tutarudia maswali.

Jumamosi hii mkutano utaanza saa nane mchana, usiende mbali, maana saa tatu usiku kila mtu sharti awe nyumbani. Leteni barakoa zenu, ugonjwa umerudi. Jambo la kwanza litakuwa kusoma hesabu ya ndoo, kwa sauti, mbele ya Koko, naye aulize anachotaka. Jambo la pili, barua. Mwenye franka 2,000 za msaada wa mwezi wa 1 anaweza kuzileta, lakini safari hii zitapokelewa na mtunza sanduku, zitaandikwa mbele ya watu wawili, na hesabu itasomwa kila mwisho wa mwezi.

Na yule mama wa Portland, tulipomaliza kumsomea, alichukua simu yake akamwandikia binti yake: “Mwanangu, nimeelewa. Hawakufukuzi. Tunza hiyo karatasi, iko na namba.” Basi nanyi mtunze gazeti hili. Liko na hesabu.

Tunawatakia mwisho mwema wa mwaka, wamama. Tuonane Jumamosi.